Bado Ninadaiwa Baada ya Kitubio?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padre. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Bagamoyo. Hununua mnadani ufukweni na kuuza kwa kilo, takribani kilo 30 kwa siku. Miezi miwili iliyopita mama lishe mmoja alinilalamikia kwamba samaki wangu hawafiki uzito, nami nilipowapima kwenye mizani ya mwenzangu nikakuta yangu inapunja gramu 50 katika kila kilo. Nilinyamaza nikaendelea kuitumia, kwa sababu biashara ilikuwa ngumu. Wiki iliyopita nimeungama na mizani nimeibadilisha. Mume wangu, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, anasema yamekwisha, na kwamba nikiwaeleza wateja nitawaaibisha Wakristo, kwa kuwa sisi ni wachache mjini. Moyo haujatulia. Je, bado ninadaiwa?

Mchuuzi wa samaki, Bagamoyo

JIBU: Milele amina, mama. Dhambi yako imeondolewa kweli, wala usiitilie shaka. Lakini samaki wa watu hawajarudi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo huifuta dhambi lakini hayatengenezi yote yaliyoharibika, na kwamba aliyemdhulumu jirani yake hana budi kufanya kila awezalo kurekebisha, kwa mfano kurudisha alichoiba. Kwa hiyo ndiyo, unadaiwa.

Siku za kabla ya kuambiwa sikuhesabii kuwa za uongo, maana hukujua. Tangu ulipojua, kila ulipotamka "kilo moja" ulisema neno ambalo wewe mwenyewe hukuliamini. Tupige hesabu pamoja: gramu 50 kwa kilo 30 ni kilo moja na nusu kila siku, na kwa siku 26 za kazi katika mwezi, miezi miwili inakuwa kilo 78. Mteja mmoja hakuona pengo hilo kwenye sufuria yake, lakini mama lishe anayechukua kilo tano kila asubuhi amelibeba kwa miezi miwili, naye faida yake huhesabiwa kwa vipande.

Walawi sura ya 6 inamwagiza aliyemdhulumu mwenzake arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu, na Bwana Yesu hakumwambia kwamba anazidisha. Mimi sikutwishi mara nne. Wateja unaowafahamu, wafidie kwa samaki au kwa fedha, kidogo kidogo kadiri mtaji unavyoruhusu. Wapita njia ambao hutawaona tena, thamani ya haki yao wape maskini, bila kuihesabu kuwa sadaka yako, kwa maana si mali yako.

Kuhusu neno la mume wako, naliheshimu, kwa kuwa analinda jina la Kanisa, lakini sikubaliani naye. Majirani zetu Waislamu wana sura nzima katika Kurani, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Hawahitaji kufundishwa na sisi kwamba kupunja ni dhuluma. Na mama lishe yule tayari anajua kwamba alipunjwa. Asilolijua bado ni kama Mkristo aliyempunja anaweza kuja kwake kwa miguu yake na kukiri. Ukinyamaza, aibu ambayo mume wako anaiogopa itabaki palepale, isipokuwa itakuwa haina toba ndani yake.

Hiyo mizani mpya pia, hakikisha imehakikiwa na Wakala wa Vipimo kabla hujaining'iniza.

Anza na mama lishe. Nenda mapema kabla wateja wake hawajakaa, umwambie maneno machache: "Ulisema kweli, mizani ilipunja, nikajua nikanyamaza, na nimekuja kulipa." Usitaje ugumu wa biashara, hata kama ni kweli, kwa sababu ataona unajitetea. Akikasirika, mwache akasirike, halafu mpe haki yake. Na mwombe mume wako akusindikize.