Simu na kipimo cha matende

Dada yangu wa Faza, umeuliza kama simu mliyopewa inaweza kumpima mtu matende hapo kijijini. Peke yake haiwezi. Kinachopima ni kile kipimo cha haraka na damu ya kidole. Simu inahifadhi picha, mahali na majibu, kisha inayatuma.

Jambo la kushika sana ni saa. Majibu husomwa dakika ya 10 baada ya kuweka damu. Ukichelewa, mstari wa pili, ule wa kuonyesha ugonjwa, unaweza kujitokeza hata kwa asiye na ugonjwa. Tega kengele ya simu, upige picha papo hapo, mahali penye mwanga. Mstari wa kwanza, ule wa kuonyesha kuwa kipimo ni kizima, usipoonekana, kipimo kimeharibika, rudia kwa kipya. Mtandao ukikosekana, hifadhi tu, utatuma baadaye.

Wala huna haja ya kuwaamsha watu usiku wa manane. Viluwiluwi vya minyoo inayoleta matende ndivyo hujaa kwenye damu usiku, ila kipimo hiki hutafuta antijeni, yaani alama ya mnyoo mkubwa kwenye damu, nayo ipo hata mchana. Ile simu yenye darubini uliyoiona, LoaScope, hutafuta viluwiluwi vya loa loa, mnyoo mwingine wa Afrika ya Kati na Magharibi.

Nakusihi sana: mwenye mguu uliovimba au busha akitoka bila ugonjwa kwenye kipimo, usimwache. Mara nyingi minyoo imeshakufa, madhara yamebaki. Mpeleke zahanati, na umwonyeshe kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, akaushe vizuri hadi katikati ya vidole. Na picha piga ya kipimo, si ya mwili wake.