Maswali yenu: Jina langu halikusomwa

*Mwalimu, siku ya mavuno nilitoa kilo hamsini za korosho. Majina ya waliotoa yakasomwa, langu likarukwa. Tangu hapo sina raha kanisani. Ni kiburi? (Newala)*

Kidogo, ndiyo, na hata mimi ninacho. Anayeijua korosho anajua kilo hamsini ni nini: ni kupulizia mikorosho dawa ya salfa alfajiri, kuokota mojamoja huku mgongo umepinda, kisha kungoja mnada. Kuumia si dhambi. Muulize msomaji wa majina. Huenda aliruka mstari tu. Msimu ujao, jaribu kutoa bila kuandikisha jina, uone moyo utasemaje.

*Mwanangu anaumwa. Wenzangu katika maombi wanasema nikimpeleka hospitali sina imani. (Lindi)*

Mpeleke leo, swali hili tulimalizie njiani. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma katika 2 Wafalme 5, alikasirika kuambiwa akaoge Yordani mara 7. Alitaka muujiza wa kishindo, akapewa mto wa kawaida, na alipona aliposhuka majini. Huku kwetu, watawa Wabenedikto walifika Ndanda mwaka 1906, na leo abasia, yaani nyumba yao ya kitawa, na hospitali ziko jirani, wala hazigombani. Kuhusu udogo wa imani, yupo baba katika Marko 9:24 aliyekuwa na mtoto mgonjwa kama wewe: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza kwa sala hiyo yenye mashaka. Mtoto aliponywa.

*Fedha za ujenzi hazisomwi hesabu. Nikiuliza, naambiwa nijinyenyekeze. (Masasi)*

Endelea kuuliza, kwa adabu na kwenye kikao. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya; bali kama ni vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Anayehubiri unyenyekevu kwa wengine tu, ili daftari lisifunguliwe, ndiye wa kuhubiriwa.

*Nitajuaje kama nimekuwa mnyenyekevu? (Mtwara mjini)*

Muulize mkeo.

*Kwa nini Petro alikataa kuoshwa miguu na Yesu? Si ndio unyenyekevu wenyewe? (Nachingwea)*

Zamani ningekujibu ndiyo. Kisha Alhamisi Kuu moja nikashika beseni kanisani kwetu kuwaosha watu miguu, na mzee mmoja wa benchi la mbele akagoma kuvua viatu. "Mwalimu, hapana, wewe ni mkubwa wangu." Nikadhani ni heshima. Baadaye alininong'oneza nje, chini ya mwembe: miguu yake ina magaga ya shambani, aliona haya. Hapo nikamwelewa Petro. Kuosha mwenzako ni rahisi, maana beseni unalo wewe, na watu wanakutazama. Kukaa ukaoshwa, nyufa zako zikionekana, ndiko kunakotushinda, ndiyo maana Bwana akamjibu, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Anayeshindwa kupokea maji atapokeaje msamaha?

Mwaka uliofuata yule mzee alikuja amevaa kandambili.