Kwa mweka hazina mpya, kabla hujafungua akaunti ya malipo

Wadogo zangu, jedwali lenu nimeliona. Watoa huduma wa kupokea michango ya kadi mtandaoni wamepangwa kwa asilimia za makato, na mwenye asilimia ndogo kabisa amepakwa rangi ya kijani. Kila kamati mpya huja na jedwali hilohilo, na kila mara swali moja huwa halimo: mtu akishalipa, nini kinafuata?

1. Makato. Tuseme mtoa huduma anakata asilimia 3 pamoja na senti 30 kwa kila muamala. Mchango wa dola 100 utakatwa dola 3.30, hamna neno. Mchango wa dola 1 utakatwa senti 33, theluthi nzima. Mwenye asilimia kubwa asiye na zile senti 30 anaweza kuwa nafuu kwenu. Pigeni hesabu kwa mchango wenu wa kawaida, achaneni na mfano wa kwenye tangazo lao.

2. Akaunti iwe ya shirika, na msimbo wa uthibitisho usiende kwenye simu ya mtu mmoja. Namjua mweka hazina aliyejiuzulu kwa hasira na simu yake mfukoni. Michango ikaendelea kuingia, na kila aliyetaka kuitazama ilibidi kwanza akamwombe radhi.

3. Kiwango cha chini cha mchango. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilipotengeneza ukurasa wetu wa kwanza nilikataa kabisa kuweka kiwango. Nilijiona mtu wa haki: mwenye senti kumi naye atoe, mimi nani nimzuie? Lile swali la kuthibitisha kwamba wewe si roboti nikaliondoa pia, kwa kuwa wazee walilalamika. Asubuhi moja nafungua dashibodi, michango imefurika! Midogo midogo, majina nisiyoyajua, nchi ambazo hatukuwahi kuwa na rafiki hata mmoja. Nikaandika kwenye kundi la kamati, kwa herufi kubwa, kwamba watu wameguswa na kazi yetu. Mwenyekiti akajibu kwa dua. Pembeni ya michango iliyokubaliwa kulikuwa na rundo la iliyokataliwa. Nililiona, nikalaumu intaneti.

Walikuwa wezi wanajaribu kadi. Mtu akipata orodha ya namba za kadi zilizoibwa, hajui zipi bado zinafanya kazi, kwa hiyo huzipitisha mahali panapopokea kiasi kidogo bila maswali. Ikikubali, anakwenda kununua kitu kikubwa kwingine. Kurasa za michango zinawafaa sana, maana hakuna bidhaa ya kupelekwa kwa mtu wala anwani ya kuandika. Mimi haya sikuyajua. Nikahamishia pesa benki, tukalipa deni la ukumbi. Kisha wenye kadi wakaanza kupinga miamala kwenye benki zao, wakidai pesa zao zirudishwe. Kila pingamizi lilikuja na ada yake, na ada ile ilikuwa kubwa kuliko mchango wenyewe. Salio likawa hasi, mtoa huduma akafunga akaunti hadi tujieleze. Na haya mambo hayaishi upesi: kwa madai mengi, Visa na Mastercard humpa mwenye kadi hadi siku 120 za kupinga, basi kila nilipodhani yamekwisha, barua pepe nyingine ikaingia. Pesa tulizirudisha polepole. Ule ujumbe wa herufi kubwa bado uko kwenye kundi, na dua ya mwenyekiti chini yake.

Kwa hiyo wekeni kiwango cha chini na lile swali la roboti, wazee watazoea. Mkiona iliyokataliwa imezidi iliyokubaliwa, zimeni ukurasa, kisha rudisheni ile midogo wenyewe kabla haijapingwa.

4. Kinachoingia benki ni fungu ambalo tayari limekatwa. Andikeni mchango mzima kwenye mapato na makato kwenye gharama. Mtoa huduma ambaye ripoti yake haionyeshi fungu hili limetokana na michango ipi, mwacheni, hata kama ni yule wa kijani.

5. Namba za kadi hazipokelewi kwa barua pepe. Mtumeni mtu kwenye ukurasa wa mtoa huduma mwenyewe, na masharti ya PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa taarifa za kadi, yatawapungukia sana. Zile namba tatu za nyuma ya kadi hairuhusiwi kuzihifadhi muamala ukishaidhinishwa, na daftari la katibu nalo linahesabika, hata awe mwaminifu vipi.

6. Wachangiaji wa kila mwezi. Ulizeni mapema, kwa maandishi: tukihama, mtamkabidhi mtoa huduma mpya taarifa za kadi mlizotunza? Wapo wanaokubali, wapo wanaokataa. Wakikataa, itabidi mmwombe kila mchangiaji aingize kadi yake upya, na mtashangaa wangapi walikuwa wanasubiri kisingizio hichohicho.