Maswali ya Wasomaji: Python Kwenye Windows, Ubuntu na Mac

SWALI: Nimesakinisha Python kwenye Windows 11, lakini nikiandika `python` kwenye dirisha la amri, linafunguka duka la Microsoft Store. Nimefuta na kusakinisha upya mara tatu. Nakosea wapi? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Yaelekea Python yako ipo salama, ila Windows haijui iliko. Ukiandika amri, Windows hupekua orodha ya folda iitwayo PATH, folda moja baada ya nyingine, na kuendesha programu ya kwanza yenye jina hilo. Folda ya Python yako haimo. Iliyomo ni faili ndogo yenye jina lilelile, iliyowekwa na Windows yenyewe, na kazi yake ni kukupeleka dukani.

Andika kwanza `py --version` (`py` ni programu ndogo inayoitafuta Python bila kutegemea orodha hiyo). Ukijibiwa namba ya toleo, anza kazi leo hii kwa kutumia `py`. Ukitaka `python` nayo iitike, fungua tena kisakinishi kilekile cha .exe, bofya Modify, endelea hadi Advanced Options, kisha tia tiki kwenye "Add Python to environment variables". Anayesakinisha mara ya kwanza atazame chini kabisa ya dirisha la mwanzo: kipo kisanduku cha "Add python.exe to PATH", nacho huja bila tiki. Wengi hukiruka kwa kuwa jicho hukimbilia Install Now.

Ukimaliza, funga madirisha yote ya amri ufungue jipya, maana lililokuwa wazi hubaki na orodha ya zamani. Duka likizidi kujitokeza, nenda Settings, Apps, Advanced app settings, App execution aliases, uzime `python.exe` na `python3.exe`.

SWALI: Natumia Ubuntu 24.04. Kila nikiandika `pip install requests` napata kosa la "externally-managed-environment". Rafiki kanishauri niongeze `--break-system-packages`. Nifuate ushauri huo? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usifuate, tafadhali. Baadhi ya zana za Ubuntu yenyewe zimeandikwa kwa Python, ikiwemo `add-apt-repository`. Pip, yaani programu ya kusakinisha maktaba (msimbo uliokwisha andikwa, wa kutumiwa na programu nyingine), ikibadilisha maktaba ambayo zana hizo zinaitegemea, zinaweza kuacha kufanya kazi, na kurekebisha ni kazi ngumu kwa anayeanza. Ndiyo maana tangu Ubuntu 23.04 na Debian 12 (mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake) pip hukataa. Python ya mfumo iachie mfumo. Wewe ujenge mazingira yako, yaani Python ya mradi huo pekee na maktaba zake, ndani ya folda ya mradi:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`
`pip install requests`

Ukiona `(.venv)` mwanzoni mwa mstari, umo ndani. Kutoka ni `deactivate`. Na usitangulize `sudo` mbele ya pip: ukifanya hivyo unaiita pip ya mfumo, si ya mazingira yako, na kosa linarudi palepale.

Wenye Mac wanaotumia Python ya Homebrew (zana ya kusakinisha programu kwenye Mac) hukutana na kosa hilohilo, na dawa ni hiyohiyo, isipokuwa mstari wa kwanza hawauhitaji. Wao pia waandike `python3`, kwani Apple iliondoa Python 2 kwenye macOS 12.3 mwaka 2022. Kwenye Windows ni `py -m venv .venv`, kisha `.venv\Scripts\Activate.ps1`. PowerShell (dirisha la amri la Windows) ikisema "running scripts is disabled on this system", andika mara moja tu `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`, halafu urudie.

SWALI: Tuko wanne kwenye mradi wa chuo na bando ni ghali. Nilinakili folda nzima, pamoja na `.venv`, kwa flashi kutoka Windows yangu kwenda Ubuntu ya mwenzangu. Haifanyi kazi. *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Folda ya `.venv` haihamishiki. Ndani yake zimeandikwa anwani kamili za folda za kompyuta ilikoundwa. Hata kubadili jina la folda ya mradi kwenye kompyuta hiyohiyo kunatosha kuiharibu. Zaidi ya hapo, Windows huweka programu zake kwenye `Scripts` na Ubuntu kwenye `bin`, na maktaba kama NumPy zina sehemu zilizoundwa kwa mfumo mmoja tu.

Kinachosafiri ni orodha. Ukiwa ndani ya mazingira, andika `pip freeze > requirements.txt`. Kisha, kwa kila mfumo, mmoja wenu mwenye intaneti apakue vifurushi vyote (yaani faili za maktaba) mara moja:

`pip download -r requirements.txt -d vifurushi`

Wekeni folda hiyo kwenye flashi. Kila mwenzako aunde `.venv` yake, aingie ndani, halafu asakinishe bila kutumia hata megabaiti moja:

`pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`

Someni majina ya faili kabla ya kugawana. Lenye `win_amd64` ni la Windows, `manylinux` la Linux (ikiwemo Ubuntu), `macosx` la Mac. Lenye `py3-none-any` huingia kokote. Kwa hiyo, mwenye Windows apakulie wa Windows, mwenye Ubuntu apakulie wa Ubuntu. Alama `cp312` inadai Python 3.12, basi kubalianeni toleo moja kabla ya kupakua. Na mkiona `pywin32` kwenye orodha, mwenye Ubuntu aufute mstari huo kwenye nakala yake, kwani maktaba hiyo ni ya Windows pekee.