Kuacha sigara: kwa nini siku ya tatu inakuangusha, na kwa nini maziwa hayasafishi mapafu

Mkuu, umesema unavuta sigara 15 kwa siku, umejaribu kuacha mara tatu, na kila mara siku ya tatu umerudi kwa mangi kununua. Umeuliza kama ni bora upunguze kidogo kidogo, na kama maziwa na kujifukiza vitasafisha mapafu. Naanza na hiyo siku ya tatu, maana naona imekukatisha tamaa bure.

Nikotini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ukizima ya mwisho saa nne usiku, asubuhi zimebaki chembe tu. Ubongo uliozoea kuipata sekunde chache baada ya kila mvuto unaanza kudai: hasira zisizo na sababu, kichwa kizito, usingizi wa kukatika katika, njaa ya kila saa, kushindwa kutulia kwenye kazi. Arosto hiyo hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha inashuka, na kwa wengi ndani ya wiki tatu au nne imekwisha. Maana yake mara zote tatu umegeuka nyuma ukiwa kileleni, wakati mteremko ulikuwa mbele yako. Usijiite dhaifu kwa hilo. Ulikosa maandalizi.

Kabla ya dawa, kuna jambo ambalo karibu kila mtu analikosa: kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka kuliko kawaida. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ile ile inakaa kwenye damu kwa wingi unaokaribia mara mbili. Vikombe vinne vya kahawa chungu pale kijiweni vinakuwa kama vinane. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na wewe unadhani yote hayo ni sigara inakuita. Siku unayoacha, kata kahawa kwa nusu, na vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Kinacholichochea ini ni moshi wenyewe, si nikotini, kwa hiyo hata ukitumia dawa zenye nikotini kahawa lazima uipunguze. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetumia aminofilini au theofilini kwa ajili ya pumu, au klozapini na olanzapini za afya ya akili, amwambie daktari kabla ya kuacha, kwani dozi ile ile inaweza kumzidia.

Kupunguza polepole bila tarehe ya mwisho sikushauri. Anayeshuka kutoka 15 hadi 6 huanza kuvuta kwa kina, kuushikilia moshi kifuani na kuimaliza sigara hadi kwenye kichungi, kwa hiyo nikotini mwilini haipungui kwa kadiri sigara zilivyopungua. Na moyo hauhesabu sigara kama tunavyohesabu sisi: hata moja kwa siku hubeba takribani nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa 20. Panga tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, na siku hiyo iwe ya mwisho.

Sasa dawa. Shirika la Afya Duniani limeweka dawa za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na vidonge vya vareniklini na bupropioni tangu 2021. Duka la dawa la mtaani huenda usizipate, uliza famasi kubwa za mjini.

Bigijii ya nikotini huja kwa miligramu 2 na 4. Kipimo cha kuchagua ni sigara yako ya kwanza asubuhi: ukiiwasha ndani ya dakika 30 tangu kuamka, chukua ya 4, kama ni baadaye, ya 2. Wiki sita za kwanza tafuna moja kila saa moja au mbili, isizidi 24 kwa siku. Wengi hutafuna nne tano tu, kisha wanasema haifai. Kosa kubwa zaidi ni kuitafuna kama bigijii ya dukani. Nikotini inamezwa pamoja na mate, ini linaiharibu sehemu kubwa, na unachobaki nacho ni kwikwi na kiungulia. Itafune taratibu hadi usikie ukali kama wa pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, ubane upande mwingine, hivyo hivyo kwa nusu saa. Dakika 15 kabla, na wakati iko mdomoni, usinywe kahawa, soda, juisi ya ukwaju wala ya machungwa, kwani uchachu huizuia nikotini kupita kwenye ngozi ya mdomo.

Kwa anayevuta zaidi ya 10 kwa siku, plasta ya nikotini huanza na miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Bandika asubuhi kwenye mkono wa juu au kifuani, mahali pasipo nywele, pakavu, pasipopakwa mafuta wala losheni, ukandamize kwa kiganja. Kwenye joto la Dar plasta nyingi hudondoka kwa sababu mtu amebandika akiwa bado na jasho la kuoga. Kesho yake badilisha mahali, ngozi isiwashe. Ukiota ndoto za kutisha, ibandue unapolala. Kwa mvutaji wa kiwango chako, plasta pamoja na bigijii ya miligramu 2 kwa zile dakika ngumu hufanya kazi vizuri kuliko kimojawapo peke yake. Mjamzito, na mtu aliyepata shambulio la moyo karibuni, waanzie kwa daktari. Vidonge navyo ni vya kuandikiwa na huanza wiki moja au mbili kabla ya tarehe ya kuacha. Bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Asiyepata dawa bado anaweza. Kiu ya sigara ikipanda hudumu dakika chache tu, uivute au usiivute. Zipitishe kwa maji baridi, kwa kutembea, kwa kutafuna iliki au karafuu. Usiku wa kuamkia tarehe yako tupa pakiti, kiberiti na kile kibakuli cha majivu, na fua mashati yenye harufu. Mwambie mangi asikuuzie hata moja, maana sigara za rejareja ndizo zinazowarudisha watu: hakuna anayenunua pakiti nzima siku ya tatu, ananunua moja. Bia iache kwa wiki nne za mwanzo. Kwa anayefunga, Ramadhani ni nafasi nzuri sana, kwani mchana mzima tayari unakaa bila moshi, na kazi iliyobaki ni ile saa moja baada ya futari. Hiyo saa iwekee mpango mapema, uwe msikitini au na watu wasiovuta.

Ukiteleza ukavuta moja, plasta usiitoe, tarehe usianze upya. Jiulize ilikuwa saa ngapi na ulikuwa na nani, ubadilishe hicho. Na usihamie ugoro, kuberi wala tambuu yenye tumbaku, kwani unaendelea kuilisha nikotini ile ile na saratani ya mdomo inakungoja. Shisha ni mbaya zaidi kwa wingi wa moshi: kikao cha saa moja huingiza moshi mara mia na zaidi ya ule wa sigara moja, pamoja na hewa ya sumu ya mkaa. Maji hayauchuji.

Kuhusu maziwa: yanapita kwenye umio kwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Kujifukiza kunalegeza kamasi puani lakini hakung'oi lami ya sigara, na sufuria la maji ya moto limeunguza wengi. Njia za hewa zina ufagio wao, vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi kwenda juu. Moshi huvipooza. Ukiacha vinaamka, na ndiyo maana wiki za mwanzo mtu hukohoa zaidi na kutoa makohozi ya rangi ya kahawia. Watu huogopa hapo, wanasema "sigara ilikuwa inanituliza kifua," wanarudi. Visaidie: kunywa maji ya kutosha, kaa wima, vuta pumzi ya wastani, ishikilie sekunde mbili tatu, kisha itoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama unayetaka kuweka ukungu kwenye kioo. Rudia mara mbili tatu, halafu kohoa mara moja. Vifuko vya hewa vilivyokwisha haribika havirudi, lakini kasi ya kupoteza pumzi hushuka kuelekea ile ya asiyevuta, na baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu huwa imepungua kwa takribani nusu.

Moshi wa nyumbani nao uhesabu. Jiko la mkaa liwe nje, au madirisha mawili yanayotazamana yawe wazi, na kamwe lisilale chumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma na udi katika chumba kilichofungwa ni moshi pia, chandarua kinatosha.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, usiseme "ni mapafu yanajisafisha." Wavutaji hupata kifua kikuu kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasiovuta. Peleka makohozi yapimwe. Vituo vya serikali hupima bure. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, ukitoka jasho usiku hadi shuka inalowa, au pumzi ikikatika ukipanda ngazi, usisubiri hizo wiki mbili. Nenda kesho asubuhi.