Usikariri orodha ya mito ya Uganda, fuata maji yanakokwenda

Mitihani ikikaribia, iwe ya shule au ile ya mchujo ya kuomba kazi serikalini, vijana wa hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huniletea madaftari yenye mito iliyopangwa kwa alfabeti: Aswa, Kafu, Kagera, Katonga, Manafwa, Mpanga, na kila mmoja umeandikiwa chanzo chake pembeni. Mitihani hiyo nimeifanya mwenyewe, na tangu hapo nimekaa na wadogo zangu na wapwa zangu wengi wakijiandaa. Orodha ya namna hiyo haikai kichwani, kwa sababu mto mmoja haukupeleki kwenye mwingine.

Anza na maziwa. Chukua karatasi tupu, chora Viktoria chini kulia, Kyoga katikati, Albert kushoto, kisha George na Edward chini kushoto. Halafu pitisha Nile: unatoka Viktoria pale Jinja, unaingia Kyoga, unapinda magharibi pale Karuma, unajibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi pale Murchison na kuanguka, unagusa ncha ya kaskazini ya Albert, kisha unapanda kaskazini kupita Pakwach mpaka Nimule, ndani ya Sudan Kusini. Rudia kuchora mpaka mkono uende wenyewe. Mito mingine yote utaitundika kwenye mchoro huo.

Sisi wa huku tuna bahati, kwani basi la kutoka Kampala ni darasa tosha. Ukivuka daraja la Kafu, maji yanaelekea kulia kwako, mashariki. Ukifika Karuma, Nile unakatiza kutoka kulia kwenda kushoto. Pale Pakwach unauvuka Nile uleule mara ya pili, na sasa maji yanakwenda kulia, kaskazini. Mwambie aliyekaa dirishani akupishe kidogo. Mafunjo yaliyong'oka hupita yakielea chini ya daraja, na mwelekeo wa mto unauona bila kuuliza mtu.

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, kwa nini Kafu uende mashariki wakati Bonde la Ufa liko magharibi?" Hilo ndilo swali ambalo watahiniwa wengi hulikimbia, na ndilo lenye alama nyingi. Zamani Kafu na Katonga ilitiririka kwenda magharibi. Kisha ukingo wa Bonde la Ufa ukainuka taratibu, ardhi ikainamia mashariki, na maji yakarudi yalikotoka. Yalipokosa njia yakatuama: Viktoria likajaa, na Kyoga likatanda katika mabonde ya mito ya kale. Ndiyo maana Kyoga ni la kina kifupi, limejaa vinamasi, na kwenye ramani lina matawi matawi kama mti.

Mtahini akitaka ushahidi, mpe vijito. Kwa kawaida kijito huungana na mto mkuu kikielekea upande uleule unakokwenda mto. Vingi vya vijito vya Kafu na Katonga huingia kwa pembe ya kinyume, kwa sababu vilizoea mto uliokwenda magharibi. Mpe pia kinamasi cha katikati. Leo Katonga unakwenda pande mbili: sehemu inaishia Ziwa George, sehemu inaishia Viktoria, na kati yao kuna mafunjo tu, maji yakiwa kama yamelala. Lakini usiudharau: Mei 2023 ulifurika na kuikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka. Kafu nao una mwenzake, Nkusi, unaoanzia katika vinamasi unakoanzia Kafu na kuteremka upande wa pili mpaka Albert.

Mito ya Rwenzori shika kama mnyororo. Mubuku na Mpanga huingia George, George linamwaga Edward kupitia Mfereji wa Kazinga, Edward linatoa Semliki, na Semliki unaingia Albert kutokea kusini. Kwa hiyo theluji inayoyeyuka Rwenzori hupita chini ya daraja letu la Pakwach. Wengi huandika kwamba Semliki unaanzia milimani. Milima inauongezea maji, lakini mto wenyewe unatoka Ziwa Edward, upande wa Kongo.

Aswa ni mwepesi: unakusanya maji ya kaskazini na kukutana na Nile ukishaingia Sudan Kusini.

Elgon iangalie vizuri. Manafwa na Sironko huelekea upande wa Kyoga, basi mtu hudhani kila mto wa mlima ule ni wa Nile. Suam haumo. Unashuka kwenda Kenya, huko unaitwa Turkwel, na unaishia Ziwa Turkana. Swali la "mto upi kati ya hii si wa bonde la Nile" huwa linautafuta huo.

Mabwawa yapange kwa kushuka na mto kutoka Jinja: Nalubaale, lililozinduliwa 1954 likiitwa Owen Falls, Kiira lililo jirani yake, Bujagali, Isimba, kisha Karuma lenye megawati 600. Maporomoko ya Ripon, alikofika mpelelezi Mwingereza John Speke mwaka 1862, yalizamishwa na bwawa hilo la kwanza.

Chanzo cha Nile kinahitaji usome swali mara mbili. Likiuliza Nile unapotoka Ziwa Viktoria, andika Jinja. Likiuliza chanzo cha mbali kabisa, taja Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayolisha ziwa hilo, ambao maji yake yanatoka vilima vya Burundi na Rwanda. Nafasi ikiruhusu, andika yote mawili na useme lipi ni lipi.