Kijiti kimeisha, Trump aingiaje? Maswali yenu na majibu

Safari hii barua ni nyingi na karibu zote zauliza mambo ya pesa za wafadhili na afya ya kina mama. Nimechukua nne, zile za kutukanana nimeziacha huko huko zilikotoka.

SWALI: Assalam aleikum dada. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Likoni. Kijiti changu cha kupanga uzazi, kile cha mkononi, kilimaliza muda, nikaenda zahanati kitolewe niwekewe kingine. Nesi akakitoa vizuri halafu ndo aniambia vipya hakuna, ati "wafadhili wamekata, ni mambo ya Trump". Nimerudi tena, bado. Sasa Trump na mkono wangu wapi na wapi? Na mbona niambiwe nikanunue mwenyewe?

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Nesi hakukudanganya, lakini alikupa nusu ya habari, na ile nusu aliyoimeza ndo yatuhusu zaidi.

Tuanze na hiyo ya Trump. Miaka na miaka, vijiti, sindano, koili (ile ya kuwekwa ndani ya kizazi) na vidonge unavyopewa bure kituoni, sehemu kubwa vilikuwa vyanunuliwa na wafadhili: Marekani kupitia USAID, shirika lake la misaada, Uingereza, na UNFPA, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya uzazi na idadi ya watu. Mzigo waingia nchini, wapita KEMSA, lile shirika la serikali la kusambaza dawa, wagawiwa kaunti, mpaka ufike kwenye kabati la nesi wako. Sasa tarehe 20 Januari 2025 Trump kaapishwa, na siku hiyo hiyo akasaini amri misaada ya nje isimame siku 90. Hizo siku hata hazijaisha, Machi waziri wake wa mambo ya nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na ilipofika 1 Julai USAID yenyewe ikafungwa, shirika lililokuwepo tangu enzi za Kennedy 1961.

Na kuna kisa kimoja kila nikikikumbuka naudhika. Kulikuwa na mzigo wa vidonge, vijiti, sindano na koili, thamani yake dola milioni 9.7, pesa ishalipwa, umekaa ghalani mji wa Geel kule Ubelgiji na mwingi wake ulikuwa waja Afrika. Julai 2025 serikali ya Marekani ikasema utachomwa. Si ati umeharibika, wala! Mashirika yakajitolea kuuchukua kwa gharama zao, wakaambiwa hapana. Yaani kuna mtu alikaa ofisini akaona afadhali kichomwe kuliko kiwekwe mkononi mwa mama wa Likoni.

Usidhani ni Marekani peke yake lakini. Uingereza 2021 ilipunguza msaada wake wa nje, na ile pesa ya vifaa vya uzazi iliyokuwa yapitia UNFPA ikakatwa kama asilimia 85, na wameshasema kufikia 2027 msaada wao utashuka tena, kutoka asilimia 0.5 ya pato lao hadi 0.3. Mtoa ni mtoa, akiamka vibaya huna mahali pa kumshtaki.

Sasa ile nusu nyingine. Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, zahanati yako ni ya kaunti, na marais wa Afrika walikutana Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti itaenda kwa afya, na Kenya hadi leo haijafika hapo. Mfadhili alipokuwa analeta vijiti sisi twanunua magari, ndo maneno yalivyo. Kwa hivyo mwenzangu usiishie kwa nesi, yule hana bajeti. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti yapelekwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili na sheria yataka wananchi wasikizwe. Pale kwenye kikao usiulize "dawa" kijumla maana utaonyeshwa namba kubwa ukaridhika ukarudi nyumbani, uliza vifaa vya kupanga uzazi vimewekewa shilingi ngapi, za nani, na mwaka jana zilizotoka ni ngapi. MCA wako, yule mwakilishi wa wadi, akibabaika hapo, ushapata jibu.

Na wewe mwenyewe kwa sasa, usikae hivyo hivyo maana kijiti kikitoka kinga imetoka nacho. Uliza sindano ya miezi mitatu au koili, na mpaka upate kitu mtumie kondomu. Kabla hujapanda feri kwenda hospitali nyingine piga simu kwanza, nauli nayo ni pesa. Wengine mnaosoma, kijiti chenu kama hakijamaliza muda msikitoe kwa uoga, kuna vya miaka mitatu na vya miaka mitano, angalieni kwenye kadi.

SWALI: Mhariri, mimi ni baba na niko Magongo. Hizo pesa za Wazungu mnazozililia si ndo zilikuwa zatumika kutoa mimba? Mimi nasema zikienda ziende tu.

JIBU: Kakangu, nimesoma barua yako mpaka mwisho na nakuheshimu, lakini umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Marekani ina sheria yaitwa Helms, ni ya 1973, yakataza pesa zao za misaada kulipia utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi. 1973! Miaka hamsini na kitu hiyo pesa haijaruhusiwa kufanya hicho unachosema.

Unachosikia ni kitu kingine, sera ya Mexico City, aliileta rais Reagan 1984. Hiyo yasema shirika la nchi nyingine likigusa mambo ya kutoa mimba, hata kumwelekeza mama tu, hata kwa pesa zake lenyewe ama za mfadhili mwingine, basi Marekani hailipi. Tangu hapo ni mchezo wa kupanda na kushuka: Clinton akaitoa 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaitoa 2009, Trump akairudisha 2017 tena akaipanua ishike karibu misaada yote ya afya, Biden akaitoa 2021, Trump kairudisha Januari 2025. Sasa kliniki moja hiyo hiyo yapima saratani ya mlango wa kizazi, yatoa dawa za HIV, yaweka vijiti, na yote yategemea nani ameshinda kura kule Pennsylvania, Marekani.

Halafu sikia hii, maana najua wewe ni mtu wa hesabu. Watafiti waliangalia nchi 26 za Afrika kuanzia 1995 hadi 2014, wakalinganisha zile zilizotegemea sana pesa hizo na zile ambazo hazikutegemea sana. Miaka ambayo sera ya Bush ilikuwa inafanya kazi, kwenye nchi zilizotegemea sana utumiaji wa njia za kupanga uzazi ulishuka na utoaji mimba ukapanda kama asilimia 40 ukilinganisha na hizo nyingine. Yaani walichotaka kukipunguza ndo kilichoongezeka, na si ajabu, mama aliyekosa sindano hakuacha kuwa na mume.

Ya sheria zetu usichanganye na haya. Katiba yetu kifungu cha 26 yakataza kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa aone dharura ama uhai au afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine iruhusu, na hilo halikuandikwa na mfadhili yeyote, tulilipigia kura wenyewe 2010. Kama una neno juu ya hapo, hilo ni swala la siku nyingine na waalimu wako wa dini wako karibu nawe kuliko mimi.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kisauni, najitolea na kikundi kinachopeleka misaada kwa watu wa mafuriko Tana River. Tumeletewa vifurushi vya kina mama ndani mna pedi, chupi, sabuni, tochi na filimbi. Wazee wamecheka, wakasema watu wana njaa nyinyi mwaleta filimbi?

JIBU: Waache wacheke. Kambini vyoo viko mbali na usiku ni giza totoro, msichana akitoka peke yake ile tochi na filimbi ndo ulinzi wake. Pedi ndo zinazomfanya aweze kusimama kwenye foleni ya hicho chakula. Na hedhi na mimba hazisubiri maji yashuke, ndo maana kuna kifurushi kingine cha kujifungulia: plastiki ya kulalia, wembe mpya, uzi wa kufunga kitovu, sabuni, glavu. Muulize kiongozi wenu kama mko nacho, na kama mwajua pa kumpeleka aliyebakwa, maana dawa ya kuzuia HIV yafaa ianzwe ndani ya saa 72 na barabara ikishakatika hizo saa ni chache mno. Leso mkipata pia wekeni, hamna mwanamke wa pwani atakayeirudisha.

SWALI: Nina mimba ya miezi saba, nakaa Bombolulu. Linda Mama bado ni bure?

JIBU: Hapana mwanangu, ile ya kwenda na kitambulisho tu ukajifungua bure ishapita, sasa yaitwa Linda Jamii na iko chini ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. SHA yalipa hospitali 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini lazima uwe umejisajili NA umelipa mchango wako, kujisajili pekee hakutoshi, hapo ndo wengi wanakwama mlangoni. Kliniki ya mimba zahanati ukisajiliwa haikudai kitu. Kama huna mshahara mchango walipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na ukishindwa kuna Lipa SHA Pole Pole. Piga *147# leo, na mumeo naye umwingize.